Shajara ya mradi: kusafisha maji ya asidi ya migodini kwa bakteria, Kasese

Juni: mahali na kusudi

Mradi huu unafanyika Kasese, magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, na unahusu maji ya asidi yanayotokana na mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe. Mgodi huo ulianza kuzalisha shaba mwaka 1956, mwaka uleule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese, ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Makinikia ya shaba, yaani unga wa madini uliotengwa na mawe yaliyosagwa, yalipelekwa kwa reli hadi Jinja kuyeyushwa. Makinikia ya pairaiti (madini ya chuma na salfa), ambayo ndani yake mna kobalti ya zaidi kidogo ya asilimia 1, yalirundikwa wazi hapa Kasese, karibu tani milioni moja, yakanyeshewa mvua kwa miongo kadhaa. Mvua ikachukua asidi na metali kutoka kwenye lundo hilo na kuzitiririsha ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth kuelekea Ziwa George, ikaacha nyuma yake ukanda wa ardhi ambao majani yalikataa kuota. Ziwa George ndilo eneo la kwanza la Uganda kuingizwa, mwaka 1988, katika orodha ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na watu wanaoishi kando yake wanakula samaki wake kila siku.

Lundo lenyewe halipo tena, kwa kuwa kuanzia mwaka 1999 lilichenjuliwa kupata kobalti hadi likaisha. Kilichobaki ni udongo uliolowa asidi katika ukanda ule, pamoja na malundo ya topesumu, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa baada ya shaba kutolewa, yaliyoko juu bondeni Kilembe kando ya mto Nyamwamba. Mto huo ulifurika vibaya Mei 2013 na tena Mei 2020, na kila mafuriko ya namna hiyo hula kingo za malundo na kushusha mchanga wenye pairaiti hadi kwenye mashamba na makazi ya chini. Kwa hiyo chanzo cha asidi hakiko mahali pamoja panapoweza kuzungushiwa ukuta. Kimetawanyika, na kila mvua inakitawanya zaidi.

Swali tunalotaka kulijibu ni moja. Je, kwa vitu vinavyopatikana Kasese, yaani samadi, magunzi ya mahindi, makapi ya kahawa na mawe ya chokaa kutoka Hima, inawezekana kuwaweka hai bakteria wanaosafisha maji haya, wakafanya kazi kiangazi na masika, bila umeme na bila kemikali ya kununua kila mwezi? Nasema kuwaweka hai kwa sababu, kwa maoni yangu, hapo ndipo penye ugumu wote. Bakteria wenyewe si wa kuagiza kutoka ng’ambo. Wamo katika tope la kila kinamasi chenye mafunjo na katika utumbo wa kila ng’ombe. Kinachohitajika ni kuwalisha, kuwakinga na hewa, na kutowapelekea asidi kupita uwezo wao.

Kabla ya kueleza mapipa, inafaa nieleze makundi mawili ya bakteria, maana mradi mzima umekaa katikati yao. Kundi la kwanza ndilo linalotengeneza asidi. Pairaiti ni chuma kilichoshikana na salfa. Ikikutana na maji na oksijeni huoza na kutoa asidi ya salfuriki pamoja na chuma kilichoyeyuka. Chuma hicho kikishapoteza elektroni moja zaidi hugeuka kuwa chenyewe kitu kinachokula pairaiti, na hatua hiyo ya kupoteza elektroni ndiyo inayoamua kasi ya mambo yote. Katika maji makali yasiyo na viumbe hatua hiyo huenda polepole mno, lakini mbele ya bakteria kama Acidithiobacillus ferrooxidans kasi yake huongezeka zaidi ya mara milioni. Colmer na Hinkle ndio waliotangaza mwaka 1947, kutokana na maji ya migodi ya makaa ya mawe ya Marekani, kwamba kazi hii ni ya viumbe hai na si ya kemia peke yake. Wafanyakazi wa kiwanda cha kobalti cha Kasese waliwajua bakteria wa jamii hii vizuri, kwa sababu kiwanda kilitumia teknolojia ya BRGM, taasisi ya jiolojia ya Ufaransa, ambamo bakteria walifugwa katika matangi makubwa yenye pH (kipimo cha ukali wa asidi; namba ikishuka, asidi imezidi) ya chini ya 2 na joto la nyuzi arubaini na kitu ili waivunje pairaiti na kuiachia kobalti. Mji huu, basi, una watu ambao tayari wamewahi kuona bakteria wakifanya kazi ya viwandani, na hilo limetupunguzia maelezo mengi.

Kundi la pili hufanya kinyume chake. Ni bakteria wasiotaka oksijeni, ambao wa kwanza wao alitengwa na Beijerinck huko Delft, Uholanzi, mwaka 1895. Mahali pa oksijeni wao hutumia salfeti, yaani salfa iliyoshikana na oksijeni, ambayo imejaa katika maji ya asidi ya salfuriki: hula mabaki ya mimea yaliyooza, huipumulia salfeti, na kutoa haidrojeni salfaidi pamoja na baikaboneti. Haidrojeni salfaidi ndiyo inayonuka kama yai viza. Ikikutana na shaba, zinki, kobalti au nikeli iliyoyeyuka, hushikana nayo na kuwa tope jeusi linalozama. Baikaboneti nayo huizima asidi. Kwa maneno machache, kundi la kwanza liliitoa metali kwenye jiwe, na kundi la pili linairudisha kuwa jiwe.

Juni, mwishoni: mapipa matatu

Tumepanga mapipa matatu ya plastiki ya lita 200 kwenye ngazi tatu za udongo uliochongwa, ili maji yashuke yenyewe bila pampu.

Pipa la juu lina udongo uliochafuka pamoja na mchanga wa topesumu, na liko wazi. Tunalimwagia maji ya mvua yaliyokusanywa kutoka paani, yanapenya polepole na kutoka chini yakiwa yamekuwa maji ya asidi. Tumeamua kuyatengeneza maji wenyewe badala ya kuyachota mtoni kwa sababu mbili: tunajua yametoka wapi, na tunaweza kupunguza au kuongeza ukali wake tunapotaka kujaribu. Maji yanayotoka ni ya rangi ya chai iliyokolea, na karatasi ya pH inaonyesha chini ya 3.

Pipa la kati ndilo moyo wa mradi. Chini kabisa kuna kokoto za mawe ya chokaa, juu yake kuna mchanganyiko wa magunzi yaliyopondwa, makapi ya kahawa, maranda ya mbao, samadi mbichi ya ng’ombe na vipande vidogo vya mawe ya chokaa. Tuliongeza ndoo ya tope jeusi kutoka kwenye kinamasi cha mafunjo kilicho nje ya hifadhi. Samadi inaleta bakteria na chakula chepesi cha kuanzia, magunzi na maranda ni chakula kigumu kitakachooza pole pole kwa miaka, na makapi ya kahawa yako katikati. Kuna faida nyingine ya magunzi ambayo haionekani kwenye hesabu za chakula: yanaacha nafasi. Samadi peke yake hujibana ikawa kama udongo wa kufinyangia, maji yakakosa njia. Maji yanaingia kwa juu na kutoka kwa bomba lililoanzia chini, ambalo mdomo wake tumeuinua karibu na usawa wa juu wa pipa ili mchanganyiko ubaki umezama muda wote. Pipa limefunikwa.

Pipa la chini lina kokoto na maji ya kina kifupi, limepandwa matete, na liko wazi. Kazi yake ni kurudisha hewa kwenye maji, kuondoa harufu, na kukamata kile ambacho pipa la kati limekishindwa.

Mzee mmoja aliyefanya kazi mgodini enzi za ujana wake anakuja kutuangalia mara kwa mara. Siku ya kupanga mapipa aliuliza tutajuaje kama shaba imetoka, nikamweleza kwamba sampuli zitakwenda maabara na majibu yatachukua muda. Akasema, “Weka msumari, mwanangu.” Nikamwambia, “Sawa, mzee,” na tangu siku hiyo msumari umeingia katika ratiba. Tunachukua msumari mpya, tunausugua kwa msasa hadi ung’ae, na kuutumbukiza katika kikombe cha maji ya pipa la juu. Baada ya muda mfupi unavikwa utando wa rangi ya waridi iliyoiva, ambao ni shaba halisi: chuma cha msumari kinayeyuka na shaba inachukua nafasi yake. Kipimo hiki hakitoi kiasi, lakini kinatoa jibu papo hapo, na kila anayepita analielewa bila kuelezwa.

Julai: kungoja

Mwezi huu karibu wote pipa la kati lilikuwa limejazwa na kuachwa. Hatukupitisha maji ya asidi mara moja, kwa kuwa bakteria wa salfeti hufanya kazi vizuri kati ya pH 5 na 8, na asidi ikiwafikia kabla hawajaongezeka huwaua au kuwalaza. Kwanza sharti oksijeni iliyomo iishe. Bakteria wa kawaida wa samadi huimaliza, kisha hutumia naitreti, kisha chuma, na ndipo zamu ya salfeti hufika. Kipimio cha milivolti, ambacho namba yake hushuka kadiri oksijeni na vitu vya namna yake vinavyoisha majini, kilionyesha mteremko huo wazi: kilianza juu ya sifuri, kikashuka siku hadi siku, kikavuka hasi 100 na kuelekea hasi 200, na hapo ndipo harufu ya yai viza ilipoanza kusikika kwenye mdomo wa bomba. Karatasi iliyolowekwa risasi asetati, chumvi ya risasi inayogeuka nyeusi ikikutana na gesi hiyo, tuliyoishika juu ya maji bila kuigusisha, iligeuka kuwa ya kahawia na kisha nyeusi.

Joto la hapa linatusaidia sana. Katika nchi za baridi matangi ya aina hii huzubaa wakati wa majira ya baridi, na wahandisi huko huyajenga makubwa zaidi au huyafukia ardhini. Kasese iko karibu na ikweta katika bonde lenye joto mwaka mzima, na maji ya pipa hayapoi vya kutosha kuwachelewesha bakteria hata alfajiri.

Maji ya kwanza kutoka yalikuwa meusi kama kahawa, yenye povu, na bila shaka yalikuwa na mbolea nyingi iliyoyeyuka. Hilo linatarajiwa katika kila mfumo wenye samadi, lakini si jambo la kupuuzwa: mtu akijenga mfumo mkubwa na kuyaachia maji hayo ya mwanzo yaingie mtoni, atakuwa ameondoa uchafu mmoja na kuleta mwingine. Sisi tuliyarudisha juu ya pipa la kati, yakazunguka hadi rangi ilipopungua na kubaki njano hafifu.

Agosti: hesabu ya mtiririko

Hapa ndipo ningependa kukaa kidogo, kwa sababu mifumo mingi ya aina hii hufa kwa kupewa kazi kubwa kuliko uwezo wake, na hesabu ya kuepuka jambo hilo ni fupi.

Wahandisi wanaojenga mifumo ya kuoza kwa mimea hutumia kipimo kwamba mita moja ya ujazo ya mchanganyiko hutengeneza takriban moli 0.3 za salfaidi kwa siku (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabu chembe). Hicho ndicho kiasi cha metali kinachoweza kukamatwa. Kwa shaba ni gramu 19 hivi kwa siku, kwa kobalti karibu 18, kwa chuma karibu 17. Mchanganyiko wetu ni kama lita 150, kwa hiyo una uwezo wa moli 0.045 kwa siku. Tuchukue maji yenye miligramu 500 za chuma katika kila lita, kiwango ambacho si cha ajabu kwa maji ya pairaiti: kila lita ina takriban moli 0.009 za chuma. Ukigawanya, pipa hilo lote linamudu lita 5 tu kwa siku. Watu wanaotutembelea hushangaa wakiona maji yanadondoka kwa matone wakati walitarajia koki iliyofunguliwa, lakini matone hayo ndiyo uwezo halisi wa bakteria. Kwa mwendo huo maji hukaa ndani ya pipa karibu majuma mawili.

Sasa tupeleke hesabu hiyohiyo kwenye kijito cha lita 1 kwa sekunde, ambacho ni kijito kidogo anachoweza kukiruka mtoto. Lita 1 kwa sekunde ni lita 86,400 kwa siku, na kwa chuma kilekile utahitaji mita za ujazo zipatazo 2,600 za mchanganyiko. Ukiutandaza kwa kina cha mita moja na nusu, ni eneo la chini kidogo ya nusu ekari. Si jambo lisilowezekana, ila ni malori mengi ya magunzi na samadi, na ni ardhi ambayo mtu mwingine anaitaka kwa kilimo.

Njia ya kupunguza ukubwa huo ni kukiondoa chuma kwanza. Chuma ndicho kingi kuliko metali zote katika maji haya, nacho si sumu kubwa. Shaba na kobalti ni kidogo zaidi lakini ndizo zinazodhuru samaki. Tukiyaacha maji yapite kwenye mfereji wa kina kifupi wenye hewa kabla ya kufika kwenye pipa la kati, bakteria wa kundi la kwanza, walewale waliotengeneza asidi, watakigeuza chuma kuwa kutu itakayotanda chini ya mfereji. Bakteria hao hawalipwi wala hawalishwi. Mwishoni mwa mwezi tuliongeza mfereji huo kati ya pipa la juu na la kati, tukautandika mawe ya mtoni, na haukuchukua muda kupakwa utando wa rangi ya chungwa unaoteleza ukiugusa kwa kidole.

Kuna jambo la chokaa pia. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa bakteria wanatoa baikaboneti inayozima asidi, mawe ya chokaa ni ya nini? Jibu ni kwamba kila salfaidi ya metali inaposhikana, asidi hurudi. Kwa kila moli ya salfeti bakteria hutoa moli mbili za baikaboneti, lakini shaba au zinki moja ikigeuka tope jeusi huachia haidrojeni mbili ambazo humaliza baikaboneti hizo mbili. Kazi ya bakteria peke yake hutosha kuondoa metali bila kuzidisha asidi, ila asidi iliyokuja na maji tangu mwanzo inabaki ikidai. Chokaa ndiyo inayolilipa deni hilo. Na mahali pazuri pa kuweka chokaa ni ndani ya pipa lisilo na hewa, kwa sababu mawe hayo yakiwekwa kwenye mfereji wenye hewa huvikwa kutu, na jiwe lililovikwa kutu halifanyi kazi tena hata likiwa bado zima ndani.

Septemba: mvua za kwanza

Wakati wa kiangazi udongo wa ukanda uliochafuka, na hata uso wa pipa letu la juu, huota chumvi. Maji yenye asidi hupanda kwa kunyonywa na jua, hukauka, na kuacha utando wa unga mweupe, mahali pengine wa kijani kibichi au wa buluu ambako shaba ni nyingi. Ukiuchukua kati ya vidole unasagika kama unga. Huo ni akiba ya asidi na metali ya miezi kadhaa, imewekwa juu kabisa ikingojea mvua, na mvua ya kwanza huiyeyusha yote kwa mara moja.

Ndivyo ilivyokuwa. Tuliacha mvua ya kwanza ya msimu iingie moja kwa moja kwenye pipa la juu, ili tuone kile ambacho kijito halisi kingekiona. Maji yaliyotoka mwanzoni yalikuwa makali kuliko yoyote tuliyopata Juni. Msumari ulivikwa shaba karibu papo hapo. Baada ya mvua kadhaa ukali ukapungua, maji yakawa mengi lakini mepesi. Kwa hiyo hatari haiko katikati ya masika, wakati mto umejaa na watu wana wasiwasi. Iko katika saa za kwanza za mvua ya kwanza, wakati mto bado ni mwembamba na samaki hawana maji ya kutosha ya kuipunguza sumu.

Pipa la kati lililipokea pigo hilo kwa namna iliyotufundisha mengi. Mfereji ulifurika, na maji yaliyoingia yalikuwa mengi kupita lita 5 za siku. pH ya kutoka, ambayo ilikuwa imetulia juu ya 6, ilianza kushuka, milivolti zikapanda. Tulipunguza mtiririko kwa koki na kuyaelekeza maji ya ziada kwenye tangi la kungojea. Harufu ilipungua kwa siku kadhaa, kisha ikarudi. Bakteria waliokuwa juu waliathirika, ila wale wa chini, waliofunikwa na chokaa na mchanganyiko mzito, walibaki na kuongezeka tena. Tangu hapo tumeliingiza tangi la kungojea katika ramani ya mfumo kama sehemu ya kudumu. Kwa eneo lenye misimu miwili ya mvua kama hili, naona tangi hilo ni la lazima kama lilivyo pipa lenyewe, na sitapendekeza mfumo wowote wa Kasese usiokuwa nalo.

Oktoba: kinachotoka na kinachobaki

Metali haziondoki kwa zamu moja. Shaba hutangulia, kwa kuwa salfaidi yake haiyeyuki hata katika maji yenye asidi kali, zinki hufuata, kobalti na nikeli huhitaji asidi iwe imepungua, chuma hushikana pale tu maji yanapokaribia kuwa ya kawaida. Msumari unathibitisha hilo la kwanza: katika maji ya kutoka haukuvikwa chochote, ulianza tu kupata kutu kama msumari wowote uliolowa. Alumini haitengenezi salfaidi kabisa. Hujitenga kama utando mweupe laini pH ikifika karibu na 5, na utando huo ndio adui wa matundu ya mabomba. Tumeuona kwenye kokoto za juu na tunausafisha kwa kuyafungulia maji kwa nguvu kupitia bomba la chini.

Manganizi inapita. Salfaidi yake huyeyuka kirahisi mno, kwa hiyo pipa la kati haliikamati, na hapa pipa la matete lina kazi yake. Juu ya kokoto zinazopata jua na hewa pameanza kuonekana madoa meusi, magumu, yaliyoganda kwenye jiwe lenyewe, na hayo ni manganizi iliyooksidishwa na viumbe wadogo wanaoishi kwenye utelezi wa mawe. Ni polepole, lakini inaendelea bila kuguswa.

Kuhusu harufu, tumeweka kanuni ambayo hatuivunji: hakuna mtu anayefungua kifuniko cha pipa la kati akiwa peke yake, wala anayeinamia mdomo wake. Haidrojeni salfaidi hunukia ikiwa kidogo sana, na kwa sababu hiyo watu huidhani kuwa inajitangaza. Ikifikia kama sehemu 100 katika milioni, pua hupoteza uwezo wa kuisikia, na mtu hudhani hewa imesafika wakati ndiyo imezidi kuwa mbaya. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hukaa mashimoni. Kwa mfumo mkubwa uliochimbwa ardhini, uzio na alama ya hatari ni vya kuwekwa kabla ya maji.

Novemba: njia ya kwenda mbele

Tumelinganisha kazi yetu na ya wengine ili kuamua hatua ifuatayo. Katika kiyeyushio cha zinki cha Budel, Uholanzi, maji ya ardhini yaliyochafuka yamekuwa yakisafishwa kwa bakteria wa salfeti tangu mwaka 1992. Chakula kilikuwa ethanoli, yaani spiriti, na salfaidi ya zinki iliyokamatwa ilirudishwa kiwandani kuyeyushwa. Katika mgodi wa Leviathan, California, ambako palichimbwa salfa na shaba, walitumia pia ethanoli, ikipita katika mawe badala ya samadi, na hivyo waliepuka mchanganyiko kuziba na kuisha. Chakula cha maji kinaweza kupimwa, kuongezwa na kupunguzwa siku hiyohiyo, na mawe hayajibani. Faida hiyo ni ya kweli, lakini inadai mtu wa kununua ethanoli mwezi baada ya mwezi, na siku fedha inapokatika, bakteria hufa njaa. Magunzi hayana ubora huo wa kupimika, ila hayasimami kwa sababu malipo yamechelewa.

Afrika Kusini wamefuata njia ambayo kwangu inafaa zaidi kufikiriwa hapa. Huko Witwatersrand maji ya asidi yalianza kububujika juu ya ardhi upande wa magharibi mwaka 2002, na Chuo Kikuu cha Rhodes kilikuwa kikitengeneza mfumo wa kulisha bakteria kwa tope la maji taka, uliojaribiwa katika mgodi wa Grootvlei mashariki ya Johannesburg. Mji wowote unaokua una tope la maji taka lisilo na pa kwenda, na Kasese ni mji unaokua. Katika msimu ujao pipa la pili la kati litalishwa tope la vyoo lililokwisha kuiva pamoja na magunzi, liende sambamba na lile la samadi, likipokea maji yaleyale kwa mwendo uleule.

Wheal Jane, Cornwall, inatuzuia tusiahidi kupita kiasi. Mgodi huo wa bati ulifungwa mwaka 1991, na Januari 1992 maji yake machafu yalipasua njia na kuufikia mlango wa mto Fal, yakaugeuza rangi. Uingereza ilijenga hapo mfumo wa majaribio wa vitanda vya matete, seli zisizo na hewa na vichujio vya mawe, na mengi yanayojulikana leo kuhusu mifumo hii yalijifunzwa pale. Hata hivyo maji yote ya mgodi yalikuwa mengi mno kwa ardhi iliyokuwepo, na tangu mwaka 2000 yanasafishwa kwa mtambo wa chokaa. Kwa hiyo ninapoulizwa kama mapipa haya yatausafisha mto Nyamwamba, najibu kwamba hapana. Yanayoweza kufanya ni kuyasafisha maji yanayochuruzika kidogo kidogo chini ya lundo moja moja, kabla hayajafika mtoni, mahali ambapo mtiririko ni mdogo na metali ni nyingi kwa kila lita.

Suala lililobaki wazi ni mchanganyiko wenyewe utakapochakaa. Shaba na kobalti hazikupotea. Zimo ndani ya pipa la kati kama salfaidi, na salfaidi ikianikwa kwenye hewa na mvua itarudi kuwa asidi, kama pairaiti ilivyofanya. Tope hilo halipaswi kamwe kutupwa shambani kwa kudhani ni mbolea, ingawa linafanana na mbolea na lina samadi. Tunalo chaguo la kulizika chini ya maji kwenye shimo lililotandikwa udongo wa mfinyanzi, au kulikausha na kulipeleka kwa mchenjuaji kwa ajili ya metali iliyomo. Ili kujua lipi linafaa, Desemba tutachukua kipande cha mchanganyiko kutoka juu, kati na chini ya pipa, tukifunge kisiguswe na hewa, na kukipeleka maabara kupimwa shaba na kobalti katika kila tabaka. Koki inabaki kwenye lita 5 kwa siku hadi majibu yatakapokuja.